Sinema Niliyoitafsiri kwa Uongo Ilimfukia Rafiki Yangu

Kulikuwa na kitu kinagonga chini ya ardhi, na kila tulipomwita Sabiri kwa jina, kilinyamaza.

Tukinyamaza sisi, kinaanza tena.

Ngo. Ngo. Ngo.

Ilikuwa saa saba mchana, jua linawaka, hakuna giza la kusingizia. Nimeogopa vitu vingi maishani, ila siku ile ndiyo nilijua kwamba miguu ya mtu mzima inaweza kugoma kabisa.

Na kilichonimaliza zaidi ni kwamba ile sheria ya kutoitika niliitunga mimi. Kwa mdomo wangu, maiki mkononi, soda pembeni.

Ngoja nianze mwanzo.

Naitwa Habakuki, lakini Kabuku wananijua kama DJ Haba. Nina banda la video jirani na pale malori yanapopumzika. Kazi yangu ni kutafsiri sinema. Picha inakwenda, mimi naweka Kiswahili juu yake, watu wanacheka, kesho wanarudi.

Siri yangu ni kwamba Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Na sinema nyingine wala si za Kiingereza. Nikikwama natunga, na mara nyingi hapo nilipotunga ndipo watu wanapopiga makofi.

Mwaka jana dereva mmoja wa lori aliniachia flashi yenye sinema ya kizamani. Rangi zimefifia, wanaume wamevaa kofia pana, wanatafuta hazina kwenye magofu ya kale huko duniani. Kuta za mawe, nyoka, mizizi imekumbatia nguzo. Lugha yao sikuelewa hata salamu.

Ila ilikuwa kali, acha tu.

Kuna mahali mzee mwenye ndevu anamwonyesha jamaa mchoro wa kobe ukutani. Anatikisa mikono, anafoka. Mimi nikasema kwenye maiki, "Anamwambia ukiona kobe ukutani, chimba chini ya kichwa chake. Mali ipo hapo."

Banda likalipuka. Mnajua kwetu hadithi za mali ya Mjerumani haziishi. Kila gofu kwenye mashamba ya zamani ya mkonge lina mtu wa kukuapia kwamba Mjerumani alizika kitu pale wakati anakimbia vita.

Nikaona wameshika, nikakoleza. Nikasema hata Handeni hii kobe wapo, mwenye macho atawaona. Niliropoka tu, jamani.

Halafu kuna sehemu sauti ya sinema inakatika, kama dakika mbili nzima. Jamaa kasimama kwenye njia nyembamba, katega sikio, jasho linamtoka, midomo inacheza. Banda zima linanitazama mimi.

Nikamkumbuka bibi yangu, Bibi Efrazia, aliyenilea Kilole. Tukienda kuokota kuni alikuwa anatuambia ukiitwa porini mara moja usiitike, subiri uitwe tena. Mtu akikuhitaji atarudia, mzimu hauiti mara mbili.

Nikachukua nusu ya maneno yake.

Nikashusha sauti. "Humu ndani ukisikia kugonga, usijibu. Ukisikia unaitwa kwa jina lako, usiitike. Ni wenye mali hao, wanaiga sauti za ndugu zako. Ukiitika tu, unabaki nao."

Ile ya mara ya pili nikaiacha, ingepoza utamu.

Watu walisisimka mpaka kuna mmoja alitoka nje kupunga upepo. Waliomba niirudie wiki nzima. Nikairekodi na sauti yangu, ikaingia kwenye simu za watu, baada ya mwezi nikasikia iko mpaka Mashewa. Nilivimba kichwa, siwadanganyi.

Sabiri aliitazama mara sita. Huyu ni mshkaji wangu wa kufa na kuzikana, mkulima wa mahindi na machungwa, mtu mpole, hana makuu. Sikujiuliza kwa nini sinema nyingine anasinzia na hiyo anakaa mbele kabisa.

Jumatatu moja asubuhi mke wake, Mwaija, akaja bandani. Macho mekundu. Akaniambia Sabiri aliondoka Jumamosi na sururu, nyundo na dumu la maji, kaaga anakwenda kumsaidia mtu kuchimba choo. Hajarudi, simu haipatikani, na huyo mtu wa choo ameshamuuliza, hana habari.

Nikaanza kumtuliza. Nikamwambia labda amepitia kwa ndugu zake.

Akanikata. "Shemeji, kabla hajaondoka aliniuliza kobe ana vidole vingapi."

Nikafunga banda palepale.

Gofu lenye mchoro ukutani ni moja tu ninalolijua, jengo la Mjerumani kwenye shamba la mkonge lililokufa, kilomita kama tisa kutoka lami. Mchoro wenyewe umefutika. Wengine walikuwa wanasema ni ua, wengine jua. Lakini mtu akishaambiwa atafute kobe, anamwona kobe.

Tukaenda kijiweni kutafuta bodaboda. Nikiwa namweleza kijana wa pikipiki, Shukuru, tunakokwenda, mama mmoja anayeuza kuni, anaitwa Faudhia, akadakia. Akasema tusiende kule. Jana yeye na wenzake walikuwa jirani na lile gofu, wakasikia kitu kinagonga chini ya ardhi, wakatupa mizigo wakakimbia.

Nikamuuliza kama walikijibu.

Alinitazama kama vile mimi sina akili. "Si wewe mwenyewe uliyesema tusijibu?"

Nikakosa pa kuuficha uso.

Tukapanda mishikaki, watu watatu pikipiki moja. Mkonge uliosahaulika umeota kila upande, vichaka vimeshikana. Sikuwa naogopa jini. Nilikuwa naogopa nitakachokikuta.

Tukafika.

Ukuta mmoja ulikuwa umeanguka kwa ndani, udongo bado mbichi. Ukuta wenye mchoro ulikuwa umeinama, unasubiri sababu tu. Pembeni kulikuwa na kandambili za Sabiri, zimepangwa vizuri kama za mtu aliyeingia msikitini.

Mwaija aliziona kabla yangu. Akazichukua akazishika kifuani.

Ndipo tukasikia. Ngo. Ngo. Ngo.

Shukuru hakuaga. Nilisikia pikipiki inawaka, nikageuka, vumbi.

Mwaija akaita, "Sabiri!"

Kimya. Kitu kilichokuwa kinagonga kikaacha palepale.

Tukasubiri. Baada ya muda kikaanza tena, taratibu. Akaita. Kikanyamaza.

Jamani, kuna woga wa kukimbia na kuna woga wa kuganda. Mimi niliganda. Najua nilitunga. Najua nilikuwa na soda pembeni wakati natunga. Lakini kichwani nikaanza kujiambia labda sikutunga, labda niliwekewa yale maneno mdomoni na hao wenyewe.

Nikamshika Mwaija mkono, nikamwambia twende tukaite watu. Ukweli nilitaka tuondoke tu, watu nisingewaita mimi.

Akauvuta mkono wake. Akaniambia kama ni mume wake haondoki, na kama si mume wake basi aambiwe mume wake yuko wapi. Akakaa chini akalia.

Alilia kwa sauti, na kile kitu kikaendelea kugonga.

Hapo ndipo akili ikanirudia kidogo. Mama analia, kinagonga. Mimi nikikohoa, kinagonga. Likitajwa jina tu, kinanyamaza.

Jini la nini linaloogopa kuitwa jina?

Chini pale kulikuwa na mtu. Na alikuwa anatuogopa sisi kuliko sisi tulivyomwogopa yeye.

Nikapiga kelele, "Sabiri, ni mimi Haba, rafiki yako!" Kimya. Bila shaka. Wenye mali wanaiga sauti za ndugu, mimi ndiye niliyemfundisha.

Na kuchimba hovyo tusingeweza. Lundo la mawe lilikuwa kubwa, sauti inazunguka, hujui yuko upande upi. Ukigusa pasipofaa, ule ukuta ulioinama unamalizia kazi. Tulihitaji aongee, atuelekeze. Na udongo ulikuwa unachuruzika kwenye nyufa kila baada ya muda, naona kabisa nafasi yake inapungua.

Nikalala kifudifudi. Nikaweka mdomo kwenye ufa. Nikajikaza kisabuni, nikatoa ile sauti yangu ya kwenye maiki.

"Watazamaji, jamaa yupo gizani. Amesikia jina lake. Amenyamaza, maana anakumbuka alichoambiwa. Lakini watazamaji, hapa DJ Haba aliwaficha kitu. Bibi yake Haba, Bibi Efrazia wa Kilole, alisema mzimu huita mara moja tu. Ukiitwa mara ya pili, huyo ni mtu. Itika."

Sauti ilikuwa inatetemeka, sinema mbovu kuliko zote nilizowahi kutafsiri.

Kimya.

Udongo ukachuruzika tena. Mwaija aliacha kulia, akawa anatazama ule ufa bila kupepesa.

Kisha kutoka chini, sauti nyembamba, imekauka. "Haba. Mwambie aite."

Mwaija akapiga magoti pembeni yangu. "Sabiri."

Hakuna kitu. Nilihesabu pumzi zangu.

"Sabiri."

"Naam."

Nililia. Sioni aibu kusema, nililia mpaka kamasi.

Alikuwa amebanwa kwenye chumba cha chini, mguu mmoja umelaliwa na jiwe. Akatuelekeza upande wa salama. Nusu saa baadaye Shukuru akarudi na wanaume kumi na majembe, aibu ilikuwa imemshika njiani. Kwanza wakauegemeza ule ukuta kwa magogo, kisha wakaondoa jiwe moja moja. Saa kumi jioni tukamtoa. Midomo imepasuka, mguu umevunjika, macho yamefungwa kwa jua.

Dumu lilikuwa limebaki na matone.

Tukamkimbiza hospitali Korogwe. Ni kitandani ndipo aliponieleza lililonikosesha usingizi mpaka leo. Siku moja kabla ya sisi kufika aliwasikia kina Faudhia wakipiga soga. Alitaka kupiga yowe la kuomba msaada. Akafumba mdomo, akiamini ni wenye mali wamekuja kumjaribu, akaendelea kugonga jiwe ajitoe mwenyewe.

Wao walimkimbia yeye, yeye akawaogopa wao, na katikati hapakuwa na jini. Kulikuwa na sauti yangu.

Siku ya tatu akapita Sista Josefina, mtawa anayetembelea wagonjwa. Sabiri akamsimulia habari za kobe. Sista akaomba aione hiyo sinema. Nilikuwa nayo kwenye simu, ile ya asili isiyo na sauti yangu, nikaifungua.

Akatabasamu. Akasema hiki ni Kiitaliano, yeye alisoma Italia miaka sita.

Tukafika kwa mzee mwenye ndevu na kobe wake. Nikamwomba atuambie anasema nini. Akaomba niirudishe nyuma, akasikiliza mara mbili, tabasamu likafutika.

"Anasema alama hii waliiweka kuonya watu. Ukuta huu hauna msingi. Anawakataza wasichimbe hapa."

Sabiri aligeuza uso ukutani. Mimi nilitamani kitanda kile kiwe changu.

Tukafika kwenye ile sehemu ya kimya, jamaa anachezesha midomo. Nikamuuliza Sista hapa je. Akasema hajui, sauti haipo. Alisema kwa urahisi kabisa, kama mtu anayekataa sukari. Nikajiuliza kwa nini neno jepesi vile mimi lilinishinda mbele ya watu hamsini.

Niliporudi Kabuku nilijaza banda bure. Nikashika maiki nikawaeleza ukweli wote, nilichotunga na alichosema Sista. Wakacheka sana. Walipomaliza kucheka, mmoja akasema DJ Haba ni mjanja, ameshajua mali ilipo, sasa anataka ale peke yake. Wengine wakatikisa vichwa kumkubalia.

Wiki iliyopita nilikwenda gofuni na Shukuru. Tumekuta mashimo mapya manne chini ya ule ukuta. Magogo yaliyouegemeza yameng'olewa, yamefanywa kuni. Tuliita kwenye kila shimo mara mbili, hayakuwa na mtu. Niliondoka pale naogopa kuliko siku ya kwanza.

Kwa hiyo naandika hapa, kwa sababu bandani hawanisikii tena. Kama simu yako ina sinema ya magofu yenye sauti ya DJ Haba, ifute. Mzee mwenye ndevu anawaambia msichimbe. Na wewe unayewasomea wengine, unayewatafsiria, unayewaeleza wasichokijua, ukifika usipopajua sema hujui. Watakuzomea kidogo, yataisha.

Sabiri anatembea na gongo sasa. Hanidai neno, tunakunywa chai kama zamani.

Ila ukifika kwake ukapiga hodi, hajibu. Unamsikia yuko ndani, hata kikombe amekitua, lakini hajibu.

Mpaka upige ya pili.