Kadi Sitini na Nne Ndani ya Sanduku la Maombi

“Sichongi. Na ukirudi na mchungaji mwenyewe, sichongi.”

Ni saa mbili asubuhi, Jumanne, na fundi kufuli anayejulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Funguo ameshakunja mikono kifuani. Mbele yake amesimama katibu wa kanisa lake, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inatisha. Katikati yao, juu ya meza ya kibanda, umelala ufunguo mdogo wa shaba.

“Dada shemasi, ni nakala ya ufunguo tu,” katibu anasema. “Dakika tano.”

“Dakika tatu. Shida siyo muda. Nani atakaa na huo wa pili?”

“Mchungaji ameagiza.”

“Sikukuuliza nani ameagiza. Nimekuuliza nani atakaa nao.”

Katibu anatazama barabarani kama mtu anayesubiri gari. Kisha anashusha sauti. “Umeanza kumshuku mtumishi wa Mungu?”

“Nimeanza kuhesabu siku. Ni tofauti kidogo.”

Ufunguo huo unafungua sanduku la mbao lililokuwa la vitabu vya kwaya. Sasa lina kadi sitini na nne za kupigia kura. Jumapili, mchungaji aliwataka waumini wote wazilete mbele, zikae madhabahuni siku saba, ziombewe amani. Uchaguzi ni kesho, Jumatano. Siku saba zinaisha Jumamosi.

“Wote tulijua kura ni Jumatano,” anasema Mama Funguo. “Wote tulijua siku saba ni siku saba. Hakuna aliyeviweka pamoja, nikiwemo mimi. Kanisani mtu hahesabu, anaimba.”

Yeye alizihesabu siku hizo jana asubuhi akianika nguo. Alifika kwenye shuka la tatu, akasimama na kibanio mdomoni.

Kinachomuuma zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyefunga kufuli kwenye sanduku hilo, na kama shemasi alikuwa wa kwanza kutumbukiza kadi. Waliomfuata walimfuata yeye. “Kuna mama alinishika mkono akaniuliza, ‘Shemasi, niweke?’ Nikamwambia weka, mbona mimi nimeweka.”

Mama Funguo ana miaka arobaini na sita. Kazi hii alifundishwa na baba yake, na ameifanya miaka ishirini na miwili. Siku njema anachonga funguo kumi na tano. Siku mbaya anachonga mbili, na mteja mmoja ni jirani anayetaka apunguziwe. Watoto watatu wamesoma kwa funguo hizo. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa kanisa, na kwa miaka tisa hajawahi kudaiwa kodi. Mchungaji ndiye aliyempa nafasi hiyo mume wake alipofariki, na hajamkumbusha wema huo hata siku moja.

Masharti yake ya kazi ni machache. Hachongi nakala mpaka amwone mwenye mlango. Hafungui kilichofungwa mpaka mwenye mali asimame mbele yake. Anakumbuka mwanamume mmoja, suti safi, maneno matamu, aliyekuja na alama ya ufunguo iliyokandamizwa kwenye kipande cha sabuni, akidai ni wa nyumbani kwake.

“Nikamuuliza, ufunguo wa nyumbani kwako umegeuka sabuni lini? Aliondoka bila kuaga.”

Pembeni ya kibanda, kwenye kiti cha plastiki, mama mkwe wake mwenye miaka sabini na sita anachambua mboga. Amesikiliza ugomvi wote bila kuinua kichwa. Katibu anapochukua ufunguo wake na kuondoka kwa hasira, bibi huyo anasema, “Mkwe wangu, kushuku ni dhambi.”

“Mama, kushuku ndiyo kazi yangu. Watu wangekuwa wanaaminiana nisingeuza hata kufuli moja.”

“Kazi ni kazi. Madhabahu ni madhabahu. Yule baba alikuzikia mume.”

“Alimzika vizuri, Mungu ambariki. Kadi yako iko wapi?”

Bibi anaendelea na mboga zake.

“Mama, nakuuliza. Tangu upate haki ya kupiga kura, umewahi kukosa hata mara moja?”

“Sijakosa. Nilikwenda nikiwa na mimba ya mumeo, miezi minane, nikapanga foleni.”

“Na kesho utakwenda na nini? Na wimbo?”

Mboga zinawekwa chini. Bibi anajifuta mikono. “Nipe fimbo yangu,” anasema. “Twende tukaulize kwa adabu.”

Kuna mambo mengine mawili ambayo Mama Funguo hakuyasema mbele ya katibu. La kwanza, Jumapili hiyo hiyo mgeni asiyejulikana aliketi kiti cha mbele, akapewa kipaza sauti “asalimie tu”. Salamu zake zilichukua dakika kumi na mbili, na ndani yake mlikuwa na ahadi ya bati jipya la kanisa. Baadaye alijua kwamba mgeni huyo anagombea. La pili, jana alimwona katibu akinakili namba za kadi kwenye daftari.

“Labda ni za kuombea,” anasema, akifunga kibanda. “Lakini sijawahi kusikia Mungu akiomba namba.”

Kanisani akina mama watano wanapiga deki. Mchungaji anatoka ofisini mwenyewe, anampa mama mkwe kiti, anamuulizia magoti yake. Ni mtu mpole, na mpole wa kweli. Ndiyo maana maneno yanakuwa magumu kuanza.

“Baba mchungaji,” Mama Funguo anasema, “nimefuata kadi yangu.”

“Maombi hayajaisha, binti yangu.”

“Yanaisha Jumamosi. Kura ni kesho.”

“Kesho mtazipata. Tutakwenda pamoja, kwa basi, familia moja. Kila mtu atapewa yake ndani ya gari, tukiwa tumeshaongozwa.”

“Tumeongozwa na nani?”

Mchungaji anatabasamu. Anamkumbusha uchaguzi uliopita, waumini wa kanisa hili hili walipotupiana viti hapo uani. Yeye ndiye aliyewapeleka hospitali, wawili kwa mkupuo, wote wa kwaya. “Sitaki tena kundi langu ligawanyike. Haki ya raia ni ya siku moja. Roho ni ya milele. Kuna wakati mtu anaacha haki yake kwa ajili ya ndugu zake.”

Akina mama wa deki wameacha kusugua. Maneno hayo si ya kijinga, na Mama Funguo anajua. Mwenyewe aliwahi kuyafundisha kwenye darasa la ubatizo.

“Kuacha, sawa,” anasema taratibu. “Lakini mtu anaacha mwenyewe, akijua anaacha nini. Sisi tulileta kadi ziombewe. Zimeombewa siku mbili. Mungu amesikia, si kiziwi.”

“Ukitoa yako, umekata maombi ya wote.”

“Basi nipe yangu nikakae nayo nyumbani nikiomba.”

“Na utii, shemasi?”

“Baba, nimekutii miaka tisa. Nikikutii na leo, mama aliyeniuliza ‘niweke?’ nitamjibu nini kesho?”

Mchungaji anavua miwani, anaifuta. Sauti yake haipandi. “Kibanda chako,” anasema, “kimeegemea ukuta wa nani?”

Maji ya deki yanatiririka kuelekea mlangoni na hakuna anayeyafuata. Mama mkwe, ambaye njia nzima alikuwa akihimiza adabu, anamtazama mchungaji kama anamwona leo.

“Kumbe,” bibi anasema. “Kumbe tuko huko.”

Katika miaka ishirini na miwili, Mama Funguo hajawahi kufungua kufuli ambalo mwenye kulitunza amekataa. Amewafukuza waume, madalali, hata askari mmoja aliyekuja bila karatasi. Anasimama mbele ya sanduku, mkono umeshika mkoba wa vifaa, na kwa muda anaonekana kama atageuka arudi. Halafu anauliza, bila kumwangalia mtu, “Kilichomo humu ni mali ya nani?”

“Ya kwangu imo,” anajibu mama mkwe.

“Na mimi yangu imo,” anasema mmoja wa wanaopiga deki, kwa sauti ndogo.

“Basi wenye mali wapo.”

Anapiga magoti. Anatoa waya mbili nyembamba, moja anaibana kwa kidole gumba, ya pili anaipapasa ndani. Katibu anaingia mbio kutoka ofisini, “Dada! Dada!”, lakini mama mkwe amenyoosha fimbo yake njiani kama kizuizi cha barabarani. Kufuli linaachia kabla katibu hajapata maneno mengine.

Mama Funguo hazimwagi. Anatoa kadi moja moja, anaangalia picha, anaangalia uso, ndipo anakabidhi. Yake. Ya mama mkwe. Za wale wa deki, ambao wanafuta mikono kwenye sketi kwanza. Mmoja anabusu kadi, mwingine anaificha kifuani haraka.

“Na ya mchungaji?” mama mkwe anauliza. “Mpe na yeye, asije akapata shida kesho.”

Mama Funguo anazipitia zote. Anazipitia tena. Ya mchungaji haimo. Ya katibu haimo.

“Yangu iko nyumbani,” mchungaji anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anaonekana mtu anayetafuta pa kuweka mikono yake.

Mama mmoja wa deki anaokota ndoo, anaiweka chini tena.

Mama Funguo amekwisha kukubali kwamba Ijumaa huenda akawa anatafuta ukuta mwingine. Ushemasi nao hana hakika nao. Lakini Jumapili atakuja, anasema, na ataketi pale pale anapoketi. “Kanisa silihami. Nilibatizwa hapa. Atakayeona haya kuniangalia ni shauri lake.”

Zimebaki kadi hamsini na saba. Anafunga sanduku, anaketi juu ya kifuniko chake kama mtu anayesubiri daktari, na kutoa simu. Kundi la waumini la kwenye simu lina watu wengi, mchungaji akiwemo. Anaandika kwa kidole kimoja, anamsomea mama mkwe, anatuma.

“Kadi zenu nimezikalia hapa kanisani. Njooni kabla ya jioni, kila mtu na sura yake.”

Simu inaanza kulia kabla hajairudisha mfukoni.