Fundi Kesho na Makubazi Yaliyolika Ncha

Mfinyanzi hulia gaeni. Watu waliujia mji ule kutoka mbali ili wasali katika Nyumba yake takatifu, wengine wameuza ng'ombe ili wafike. Lakini fundi viatu aliyekaa ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na ukuta wa ile Nyumba takatifu, hakuwahi kuingia ndani hata mara moja.

Walimwita Fundi Kesho. Mteja akileta kiatu, huambiwa, "Njoo kesho." Mkewe naye, kila alasiri akijitanda mtandio na kupita pale kibandani, alisema, "Mume wangu, twende leo tukasali." Akajibiwa vilevile. Mkewe alicheka, akavuka barabara peke yake.

Mwaka mmoja mke huyo akafa. Kesho ikaisha.

Fundi aliyaweka makubazi ya marehemu chini ya kigoda chake. Madogo, ya ngozi. Enzi za uhai wake, kila alipoyashona aliyakuta vilevile: kisigino kizima, ncha zimelika. Viatu vya watu wengi hulika kisigino. Aliwahi kumwuliza, "Wewe unatembeaje? Unanyatia kuku?"

"Njoo uone," mkewe akajibu.

Sasa neno hilo halikumtoka kichwani. Mkewe alikuwa akifanya nini kule ndani?

Akaanza kuwauliza wasafiri waliokaa kwenye benchi lake wakingoja soli ishike gundi. Mmoja alisema alilia tu, na hajui alilia nini. Mwingine alisema kule ni foleni, na aliyekuwa nyuma yake alikoroma akiwa amesimama. Mama mmoja alisafiri kuja kuomba mtoto. Alipofika mbele akasahau shida yake, akamwombea jirani yake mwenye jino bovu. "Jirani keshapona," alisema. "Mimi narudi tena."

Hakuna aliyetaja ncha za viatu.

Muuza maji wa pale jirani alimcheka. "Fundi, si mlango huo hapo? Hata mbuzi wangu keshaingia mara mbili."

"Nitaingia kesho."

"Basi mbuzi atakutembeza humo ndani."

Fundi akainamia kiatu. Kumbe aliogopa. Aingie, aseme nini? Dua zote za nyumbani kwake alikuwa nazo mkewe.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku moja alikuja bibi msafiri, mfupi kama kinu, aliyekuwa mjini muda sasa. Akavua kiatu kimoja, akampa. Fundi akakigeuza. Kisigino kizima. Ncha imelika.

Msharasi wake wa kushonea ukamponyoka mkononi.

"Mama, kiatu hiki umekifanya nini?"

"Ufupi, mzee mwenzangu. Kule ndani, kwenye ukuta wa foleni, kuna dirisha. Warefu wanachungulia tu. Sisi wengine tunachuchumia, tunakwaruza ncha ukutani."

"Mnamchungulia nani? Mungu?"

Bibi akacheka hata akashika mbavu. "Mungu wapi! Barabara ya nje! Nimetoka kwetu kuja kusali, macho yananipeleka barabarani. Kila siku nasema leo sichungulii. Mungu anisamehe."

"Barabara ipi?"

"Nijuaje mimi, mgeni? Wanapita watu na mizigo yao."

Fundi akasimama. Akajipangusa gundi mikononi.

"Na kiatu changu?" bibi akauliza. "Kesho?"

"Leo, mama. Nisubiri."

Akavuka barabara. Mlangoni hakuna aliyemwuliza kitu. Ndani kulikuwa na ubaridi, na watu wakinong'ona, kila mtu na lake. Akaifuata foleni taratibu, mkono ukipapasa ukuta, mpaka akaliona dirisha. Chini yake jiwe lilikuwa limechubuliwa na ncha nyingi.

Yeye alikuwa mrefu. Hakuchuchumia.

Akaiona barabara. Akamwona muuza maji. Akakiona kigoda chake kitupu, na makubazi chini yake, na bibi mguu mmoja peku. Miaka yote ile mkewe alichungulia hapa, naye fundi ameinamia viatu. Hakuinua kichwa hata siku moja.

"Mzee, songa mbele!" mtu akamsukuma.

"Ngoja kidogo, ndugu yangu."

Akatafuta dua, asiione. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimeona, mke wangu."

Kule nje bibi alikuwa anapaza sauti. "Huyu fundi wenu kaenda wapi na mimi peku?"

"Kaingia kusali," muuza maji akamjibu, naye mwenyewe haamini. "Hapo, mama, bora uje kesho."