Boriti za Nyumba ya Wakra

Mwezi uliopita nilikuwa na mchana mzima wa kusubiri ndege Doha, nami nikakataa katakata kukaa uwanjani kutazama maduka ya manukato. Nilichukua teksi hadi Wakra, mji wa jirani. Rafiki yangu, moyo ulinidunda kama wa mtoto anayengoja sikukuu! Tulipokata kona kuelekea pwani niliuona ule mnara wa upepo juu ya nyumba ya jirani yetu wa zamani, umesimama vilevile, nikapiga kelele: "Hapa hapa, simama!"

Nilikulia hapo, miaka ya elfu mbili na kitu. Mama alikuwa muuguzi, Baba akiendesha basi la hoteli, na fleti yetu ilitazamana na mtaa wa zamani, nyumba za mawe na udongo ambazo wenyewe walikwisha kuzihama. Ni mmoja tu aliyegoma, bibi wa Kikatari. Wanawe walimjengea jumba kule Rayyan, kiyoyozi kila chumba, lakini kila asubuhi alimwamuru dereva amrudishe kwenye nyumba alimozaliwa.

Tulijuana naye kwa sababu ya mguu. Alijikwaa mlangoni, Mama akavuka barabara kwenda kumfunga bendeji, na sisi watoto nyuma yake. Nje jua linachoma, ndani kumbe upepo unashuka taratibu kutoka mnarani, na harufu ya iliki, udi na samaki wa kukaanga. Mama akainua macho darini, bendeji ikamponyoka.

"Jamani! Hizi si boriti? Boriti za mikoko, kama za nyumbani Mombasa!"

Bibi akauliza kuna nini. Mama akamweleza kwa Kiarabu chake cha hospitali, na yule bibi akacheka mpaka mguu ukamuuma. Ndiyo, babake alizinunua kwa wafanyabiashara waliotoka pande zetu. "Basi nyumba hii ni yenu pia," akasema.

Tangu siku hiyo Ijumaa zetu zilikuwa kwake. Tulifagia mchanga uani, tukanyunyiza maji hadi udongo ukanukia kama mvua, kisha tukakaa kula. Mama alikaanga kaimati, Bibi akaziita lugaimati, wakabishana nani alimfundisha mwenzake. Sisi tulikula tu.

Halafu kuta za mtaa zikapakwa alama nyekundu. Kila nyumba yenye alama ilikuwa ya kubomolewa, na ya Bibi ilikuwa nayo. Zilianza kuanguka moja baada ya nyingine, vumbi likaingia hadi kwenye chai yetu.

Asubuhi katapila lilipofika mlangoni kwake, tulishuka ngazi mbio. Bibi alikuwa ametandika mkeka kizingitini, amekaa. Mwanawe mkubwa, kanzu nyeupe pe, alikuwa akimsihi.

"Mama, inuka. Watu wanatutazama."

"Waache watazame. Nimekaa kwangu."

Mama ndiyo kwanza alikuwa anatoka zamu, sare bado mwilini. Alivua viatu, akaketi kando ya Bibi, na sisi tukajibana pembeni mwake. Dereva wa katapila alitutazama, akazima mashine, akashuka na kujifuta jasho. "Ukuta nitabomoa," akasema, "watu siwezi."

Mwana wa Bibi aligeuka. Nilimwona akiinua macho kwenye mnara, muda mrefu, kama aliyekuwa hajauona siku nyingi. Kisha akatoa simu, akaanza kuwatafuta watu wa mambo ya kale.

Walikuja alasiri, mzee mmoja na dada kijana mwenye kamera. Waliingia, wakapima, wakagonga kuta, wakapanda hadi darini. Tuliwasubiri mkekani tukila tende. Yule dada alitoka na vumbi kichwani, anatabasamu. "Hii haibomolewi," akasema. "Italindwa."

Ungetuona! Kaka yangu alizunguka ua mbio akipiga mayowe, Bibi akapiga vigelegele, na dereva wa katapila akapiga makofi kuliko sote.

Hatukujua kwamba kulindwa nako kuna masharti. Nyumba ilifungwa kwa matengenezo, na ilipofunguliwa tena nilikuwa nimeshavunja ungo. Tulialikwa sote. Kuta zilikuwa nyeupe, taa zimefichwa, jiko halipo. Wakubwa waliingia na viatu vyao vinavyong'aa. Bibi alivua vyake mlangoni, akapita kwa kila mgeni, mkono kifuani: "Karibuni, karibuni, kahawa inakuja." Mwanawe akamnong'oneza kwamba hakuna kahawa, hapa sasa ni makumbusho.

"Wageni wameingia kwangu, wanywe nini?" akauliza.

Mama alitoka. Alirudi na chupa yetu ya chai kutoka garini na vikombe vya plastiki, na Bibi akawamiminia mabwana wale mmoja mmoja, chai ya tangawizi, mpaka chupa ikaisha.

Bibi hayupo tena. Fleti zetu nazo zilibomolewa, sasa ni maegesho ya magari ya watalii, na majirani wametawanyika, mmoja Kampala, mwingine Kisumu. Lakini siku hiyo ya mwezi uliopita niliingia mle ndani pekupeku. Mlinzi, kijana wa Kikenya, alinitazama kwa mshangao.

"Dada, hapa viatu vinaruhusiwa."

"Najua," nikamjibu, nikaendelea kutembea.