Betri ya Akiba

Fundi makufuli aliamini kitu kizuri hufungiwa. Mashine ya oksijeni ya mkewe ilipoletwa na betri mbili, moja aliipachika, ya pili akaiviringisha kwenye fulana safi, akaitia kabatini na kupiga kufuli.

"Akiba haiozi," alisema.

Mkewe alicheka mpaka mashine ikalalamika. Alikuwa mshonaji. Mrija puani, mguu kwenye pedali, alikuwa akishona gauni la harusi la binti wa jirani, msichana aliyejifunza kutembea kwa kushikilia meza ya cherehani hiyo hiyo. Malipo hakuyataka. Alitaka jambo moja: aende mwenyewe ukumbini, alione gauni likitembea.

Asubuhi ya harusi fundi alifungua kabati, akaibonyeza betri ya akiba. Hakikuwaka hata kitaa kimoja. Akaichomeka kwenye chaji. Kimya. Akampigia simu muuguzi wa zahanati.

"Uliichaji lini mara ya mwisho, baba?"

"Sijaigusa, mwanangu! Nimeitunza kama mboni ya jicho."

"Ndiyo imekufa hivyo, baba. Betri hata ikikaa bure hupungua. Ilitakiwa uichaji mara kwa mara, uzitumie zote mbili kwa zamu."

Fundi akakaa kitandani. "Nimekukosesha harusi, bibie."

"Hiyo iliyomo si imejaa? Nivalishe viatu. Ukilia nakuacha hapa ulinde kabati."

Waliwahi, lakini bibi harusi akachelewa, kama kawaida ya maharusi, na betri ikazidi kushuka. Ukumbi mzima ulikuwa na soketi moja tu inayofanya kazi, ya plagi mbili! Aliyeujenga alidhani wenye mapafu mabovu hawana wa kumsherehekea. Na soketi yenyewe ilikuwa nyuma ya spika.

"Kijana, nigawie umeme," fundi alimwomba mpiga muziki.

"Mzee, hapa hata simu za wakwe nimezikataa."

Fundi akamwonyesha mkewe na ule mrija. Kijana akatazama, kisha akachomoa waya wa spika moja kati ya zake mbili.

"Karibu, mama. Leo watacheza na spika moja. Isipowatosha, wapige makofi."

Plagi ilikuwa inacheza kwenye soketi. Fundi akakaa chini, akaishikilia kwa mkono. Pale nyuma ya spika hakuona kitu ila soli za viatu vya watu. Vigelegele vikapasuka.

"Ameingia?"

"Ameingia."

"Na gauni?"

Mkewe hakujibu. Fundi akaangalia mashine upesi. Taa ilikuwa ya kijani. Akainua macho, akamwona mkewe akifuta machozi kwa kiganja.

"Linatembea, mzee wangu. Kama amezaliwa nalo! Simama uone."

"Nikiachia, umeme unakatika."

Mkono wa mkewe ukashuka, ukatua begani kwake.

"Basi usiondoke. Nitakuonyesha mimi." Akaanza kumsimulia, kuanzia shela hadi pindo, polepole, na hakuruka hata kifungo kimoja.