Mguu Haujui Kama Gari ni Tupu

Jumanne ya Machi kumi na tisa, miaka mitatu iliyopita, saa tisa na dakika ishirini alasiri, ndani ya lori, mke wa dereva alimenya chungwa, akampa mumewe kipande, akauliza: "Baba watoto, mbona leo gari linarukaruka hivi?"

"Halina kitu, mama. Ni jepesi," akamjibu.

Mvua ilikuwa ya manyunyu tu. Kwenye kona akakanyaga breki vilevile alivyozikanyaga siku mbili mfululizo akiwa na tani ishirini na nane za saruji. Magurudumu ya tela tupu, bila uzito wa kuyashikiza barabarani, yakaganda, yakateleza. Tela likaja kwa ubavu, likakibana kichwa cha lori upande aliokaa mkewe.

Yeye alitoka na mkwaruzo wa kidevu. Mkewe hakutoka.

Wakubwa wa kampuni walifika na viatu vinavyong'aa, wakapiga picha vyuma, wakaandika mstari mmoja: uzembe wa dereva. "Gari tupu linashindwaje kusimama?" mmoja wao alimuuliza palepale barabarani. Bwana huyo hajawahi kusukuma hata toroli.

Leo, saa kumi na mbili asubuhi, dereva huyo anangoja mifuko ya mwisho ishuke ghalani. Anazunguka tela, anagonga tairi moja moja, anafunga mbao za pembeni zisipigwe na upepo. Kisha anapanda, anatoa chaki mfukoni na kuandika kwenye dashibodi, herufi kubwa: TUPU.

"Mguu una mazoea," anasema. "Ukibeba mzigo siku mbili, unajifunza kukanyaga kwa nguvu. Ukishusha, mguu haujaambiwa. Sasa mimi nauambia."

Kwenye mvua, gari likiwa tupu, havuki kilomita hamsini kwa saa. Ndiyo maana wenzake humwita Mzee Hamsini.

"Mzee Hamsini!" dereva wa lori la jirani anapiga kelele dirishani. "Leo umebeba mayai?"

"Nimebeba baba wa watu. Tangulia, ukiufikia mtaro unisalimie."

Wanacheka wote wawili. Lakini huyo jirani naye ameshatia saini.

Saini ni za barua ya kupinga ratiba ya kampuni. Kwenda na mzigo, kampuni inatoa saa nane. Kurudi bila mzigo, barabara ileile, kona zilezile, inatoa tano. Mzee Hamsini ameshapewa barua mbili za onyo kwa kuchelewa. Ya tatu ni kufukuzwa, na nyumbani ana mabinti wawili wasio na mwingine.

"Wanitimue," anasema. "Wanangu wana mzazi mmoja. Siwapunguzii huyo kwa ajili ya saa tatu."

Aliishia darasa la nne, kwa hiyo barua hiyo ya saini imeandikwa na binti mkubwa. Madereva thelathini na mmoja wanataka saa nane za kurudi pia. Jumatatu ataipeleka ofisini kwa mara ya pili.

Mara ya kwanza, meneja wa safari aliisoma nusu, akaguna. "Kwa hiyo unataka tukulipe saa tatu za kubeba hewa?"

Mzee Hamsini alimuuliza swali moja. Meneja akashika simu yake, akaanza kuipekua. Jumatatu ataliuliza tena, neno kwa neno:

"Hizo saa tano, bosi, nani aliwahi kuziendesha, siku ya mvua, mkewe akiwa pembeni?"