Kengele Juu ya Kitanda cha Mtihani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoambiwa kwamba katika chuo kimoja cha wauguzi pale Voi kuna kengele iliyotundikwa juu ya kitanda cha mtihani. Mwanafunzi akitamka tu neno "sijui" mbele ya mtahini, kengele inalia yenyewe, na mtoto wa watu anavuliwa yunifomu na kurudishwa kwao kabla chai ya saa nne haijapoa. Aliyeniambia ni mpishi wa chuo, mtu wa kutoka kijiji cha Mata, ambaye hajawahi kutia mguu katika chumba cha mtihani. Niliamini yote. Hata mlio wake nilikuwa nausikia.

Wakati huo nilikuwa kijana. Usicheke. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, lakini ndiyo kwanza nimemaliza masomo yangu ya jioni, na mimi ujana nauhesabu tangu nilipopewa cheti. Nilikuwa nikileta kabichi kutoka Bura hadi jikoni mwa chuo, kabichi kubwa, moja ilihitaji watu wawili na maombi. Asubuhi hiyo mwalimu wa mafunzo ya vitendo, aliyeitwa Madam na kila mtu, akanisimamisha mlangoni. Mtu wao wa kujifanya mgonjwa hakutokea.

"Mzee, unaweza kulala bila kusema neno?"

"Madam, mimi nimeoa zamani."

Nikalazwa. Nikaambiwa mimi ni mzee wa kiharusi, nina kisukari, sisemi wala sigeuki. Wakanipaka kisigino rangi ya mdomo, pale ambapo kidonda cha kulala sana hupenda kuanzia. Nilipotazama juu nikaona ndoano ya chuma kwenye dari. Jasho likanitoka. Nikajua kengele wameificha tu.

Aliyeingia ni Wakesho, binti wa jirani zangu kule Bura. Katika mtihani huu alikuwa ameshaanguka mara moja. Akianguka tena, uuguzi basi. Mama yake hakuwa amelala.

Akanawa mikono, akaniinamia. "Baba, naitwa Wakesho. Nitakugeuza polepole." Akabonyeza ule wekundu kwa kidole, akatazama kama utafifia. Haukufifia. Akaweka mto chini ya mguu, kisigino kikabaki hewani.

"Husugui kwa spiriti?" Madam akauliza. "Wodini kwenu sista mkubwa anasugua kila asubuhi."

"Anasugua, Madam, na mimi nilikuwa namsaidia. Lakini miongozo ya sasa inasema ngozi ikishafika hapa, kuisugua kunaweza kuiumiza zaidi. Nilimwonyesha."

"Akasemaje?"

"Kwanza alinikasirikia. Halafu akaisoma, akaniambia tuache."

Madam hakutabasamu. "Haya. Mmezoea kugeuza kila baada ya saa mbili. Kwa mzee huyu, kwa godoro letu hili la sponji, huo ndio muda unaomfaa?"

Wakesho akasema, "Sijui, Madam."

Mwanangu, nikatega sikio nisikie kengele. Nadhani hata treni ilisimama. Huruma ikanishinda, nikafungua mdomo wangu wa kiharusi: "Unanifaa sana, Madam. Nalala kama mtoto."

"Baba, nyamaza, wewe huongei," Wakesho akaninong'oneza, kisha akamgeukia Madam. "Sijui, lakini ningetafuta. Ningejiuliza: wagonjwa kama yeye, kwenye godoro kama hili, wakigeuzwa mapema au wakicheleweshwa, nani anapata vidonda. Nisingeshika utafiti mmoja tu. Ningetazama umefanyiwa wapi, kama hospitali ile ina vitanda vya kisasa au kama hivi vyetu. Na hata nikipata jibu, kila nikimgeuza ningekagua ngozi yake, maana huenda yeye akawa tofauti."

Nywele zilinisimama, na wakati huo nilikuwa nazo. Miaka yote ya darasa la jioni nilitikisa kichwa kwa kila alichosema mwalimu, nisionekane mjinga. Sikujua kwamba mtu anaweza kulitaja lile neno waziwazi na palepale akaanza kazi. Kisigino kilikuwa cha rangi ya mdomo, lakini msichana yule alikilinda kama cha baba yake. Leo ni muuguzi kule Taveta.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiulizwa usichokijua, sema hukijui, kisha usikae hapo, katafute. Ukiambiwa jambo, hata na mkubwa, muulize kwa heshima amelijuaje. Ukikuta mambo yamebadilika, badilika nayo bila kumdharau aliyekufundisha ya zamani. Mungu akupe mikono safi na masikio yanayosikia, na siku utakapolala kitandani wewe, akuletee Wakesho wako akugeuze.

Na kengele? Wakesho alipotoka nilimwonyesha Madam ile ndoano, nikamweleza habari yote ya jikoni. Akaitazama ndoano, akanitazama mimi.

"Mzee, hiyo ni ya kutundikia neti," akasema. "Na swali la mwisho huwa nachagua ambalo mwanafunzi hawezi kulijua. Angebuni jibu, hapo ndipo ningemwangusha."