Kidole Gumba cha Shamsia

Siku hizi nikipita mjini Kakamega naona wasichana wamekaa ndani ya saluni, vidole wameviingiza kwenye visanduku vyenye taa, na kabla hujamaliza kusoma kibao cha mlangoni kucha zimeshakauka. Sina neno nao. Ila natamani kuwauliza kama wanajua kwamba mji huu ulikuwa na mwanamke aliyekausha rangi ya kucha bila taa wala umeme, kwa beseni la maji, tone la mafuta na kidole gumba chake mwenyewe. Wangenicheka. Mzee mshona nguo anajua nini habari za kucha? Najua, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu gauni lililoharibika lilishonwa na mikono hii.

Jina lake lilikuwa Shamsia. Alikuwa mjane kutoka Mumias, na kwao alijulikana kwa kuwapaka maharusi hina. Miaka ya mwisho ya ukoloni alikuja Kakamega akapata kazi ya kufua taulo katika saluni ya mama mmoja wa Kizungu. Uhuru ulipokuja yule mama akafunga virago, akamwachia Shamsia kiti cha kuzunguka, kioo na kasha zima la vichupa vya rangi ya kucha. Shamsia akapanga chumba nyuma ya baraza ambapo mimi, Barnaba, nilikuwa na cherehani yangu. Mwenye nyumba wetu alikuwa Selpher, mjane wa karani, ambaye sote tulimwita Mama George kwa jina la mwanawe.

Vichupa alikuwa navyo, na wateja walikuja, maana ofisi za mkoa zilikuwa zimeanza kuajiri wasichana wetu na wasichana walitaka kupendeza. Taabu ilikuwa kukausha. Wateja wa yule Mzungu walikuwa wakikaa chini ya feni na magazeti yao mpaka rangi ishike, halafu wakitoka wanasalimiana kwa kutikisa kichwa. Sisi hatusalimiani kwa kichwa. Hapa kwetu mtu akikukuta njiani anakupa mkono, anaushika wako, anautikisa, anauliza habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua, na muda wote huo mkono wako bado anao. Ukimnyima, umemtukana yeye na waliomzaa. Basi mwanamke alitoka kwa Shamsia kucha zinang'aa, na akifika sokoni vidole vyake vinafanana na vya mtu aliyetoka kuchinja kuku.

Mwanzoni Shamsia alifanya kama alivyofundishwa kwao. Hina hupenda joto. Ukishapakwa unaisogeza mikono karibu na makaa, na rangi inakolea vizuri. Kwa hiyo akawa anawaketisha wateja kando ya jiko. Ile rangi ikafura vipovu kama uji unaochemka, juu ikakunjamana, chini ikabaki mbichi. Siku moja kichupa kilichoachwa wazi karibu na jiko kikadaka moto. Nilisikia kelele, nikakimbilia ndani na futi yangu shingoni, nikamkuta Shamsia amezima moto kwa taulo na amebaki na nyusi nusu.

"Hii kitu si hina," aliniambia.

"Nilikuwa nakuambia."

"Hukuniambia kitu, fundi. Wewe unashonanga tu."

Ilikuwa kweli, lakini haikunifurahisha.

Sasa nieleze habari ya gauni. Mama George alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwao, na mavazi yao yalikuwa gauni jeupe la mikono mirefu na kitambaa cheupe kichwani. La kwake nililishona mimi. Pindo za mikono nilizifunga kwa vifungo vitatu vitatu, nikapiga pasi hadi zikasimama zenyewe. Jumapili moja alasiri alikuwa akipanda baraza kutoka kanisani, na mteja wa Shamsia alikuwa akishuka. Mama George akasema "Mulembe" na kumpa mkono. Yule mwanamke angefanya nini? Akaupokea. Walipoachana, pindo langu jeupe lilikuwa na michirizi miwili myekundu ambayo sabuni haikuiweza, ndimu haikuiweza, na mimi nilipojaribu kwa mafuta ya taa nikazidi kuharibu.

Mama George si mtu wa kupiga kelele. Aliingia saluni akasimama katikati.

"Mama Shamsia, mimi sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini nikiona hii rangi yako kwa nguo ya mtu tena, hata tone moja, utaniletea ufunguo wa hii nyumba."

"Nimesikia, Mama George. Naomba radhi."

Mama George akanyoosha mkono ili waagane vizuri. Shamsia alikuwa na rangi mikononi, akafanya tunavyofanya sote tukikutwa tunasonga obusuma, ugali wetu, au tunatoka shambani na udongo. Alikunja vidole, akatoa kifundo cha mkono. Mama George alikitazama kile kifundo.

"Mimi ndiye wa kupewanga kifundo?" aliuliza. Akaondoka bila kukigusa, na tangu siku ile akaacha kumpa Shamsia mkono.

Kwa Shamsia, chumba kile kilikuwa maisha yake. Akikipoteza ingembidi arudi Mumias kwa shemeji yake, akae kwenye kona ya nyumba ya watu, aombe chumvi kwa adabu. Aliniambia hivyo waziwazi, akilia kidogo na kukasirika zaidi. Nami nilikuwa na hasira zangu za pindo, nikamwambia atupe vile vichupa, asuke nywele kama wengine.

"Kwa hivyo chupa inishinde?" alisema. "Mimi nimepaka maharusi kabla hujajua kutia uzi kwa sindano."

Ndipo nilipoanza kumheshimu mwanamke yule, ingawa sikumwambia.

Aliacha kupokea wateja wa kucha, akawa anazipaka zake peke yake, anazifuta, anazipaka tena. Aligundua kwamba wanawake walipenda rangi nene, mpako mmoja mzito kama wa mlango, na rangi nene hujifanya imekauka juu huku chini ni uji. Akaanza kupaka nyembamba sana, karibu uone ukucha, akaiacha itulie, akapaka nyingine. Alikataza mtu yeyote kutikisa kichupa, maana kukitikisa kunaingiza vipovu. Alikibiringisha taratibu kati ya viganja, kisha akakifunga kabisa kila alipochovya, ili rangi isianze kuwa nzito.

Habari ya maji alijifunza kwangu, na hapo najidai kidogo. Nilikuwa nikipitisha uzi kwenye mshumaa ili usikatike, na tone la nta ya moto likaangukia kwenye kikombe changu cha maji. Likawa gumu papo hapo. Shamsia alikuwa amesimama mlangoni na vidole vibichi hewani. Alilitazama lile tone, akalitazama tena, akakichukua kikombe changu bila kuomba na kutumbukiza vidole.

"Nilikuwa natafuta moto," alisema, "kumbe ilikuwa baridi."

Tangu siku ile alianika beseni la maji nje tangu alfajiri, na baridi ya asubuhi ya Kakamega unaijua. Alipaka tabaka nyembamba, akazipa muda, akaingiza vidole vya mteja kwenye maji yale, halafu akadondosha tone la mafuta ya nazi juu ya kila ukucha ili kikipita kitu juu yake kiteleze.

Lakini la kushangaza zaidi kwangu lilikuwa kidole gumba. Utajuaje rangi imekauka bila kuigusa, na ukiigusa si umeiharibu? Shamsia alipaka kidole gumba chake sambamba na mteja, tabaka kwa tabaka, kutoka kichupa kile kile, na kukiingiza kwenye maji yale yale. Akitaka kujua, alikibonyeza chake. Kikibaki na alama ya kidole, mteja hainuki. Kisha alikipaka tena juu ya ile alama, akabonyeza tena. Kidole kile kikawa na rangi juu ya rangi, kinene kama gome, na siku ya kazi hakikukauka kamwe. Mji mzima ulimjua kama mwanamke anayesalimia kwa kifundo. Walioelewa walicheka naye. Mama George hakuelewa, na Shamsia aliona haya kumweleza.

Halafu George akachumbia, na mchumba wake alikuwa Sellah.

Sellah alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mkoa. Ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza wa Shamsia, na hakumkimbia hata siku za jiko. Mama George alimpenda, isipokuwa zile kucha. Alimuuliza mbele yangu, nikiwa nampima Mama George gauni lake jipya jeupe la kuvaa siku ya harusi, "Mwanangu, utaingia kanisani na hiyo damu kwa vidole?"

"Nitaingia nayo, mama," Sellah alijibu kwa upole. "Na nitakusalimia nayo."

"Basi nitakungoja mlangoni," alisema Mama George, na macho yake yakaenda kwenye mlango wa saluni.

Alipoondoka nilimwendea Shamsia. Nilimwambia asijitie kitanzi. Bibi harusi atapewa mkono na mama mkwe mwenye gauni jeupe, na tone moja likionekana ufunguo umekwenda.

"Mwambie rangi imeisha," nilisema.

"Nimdanganye bibi harusi, fundi?"

"Basi mwambie unaumwa."

"Huyo alikaa kwa hiki kiti wakati sina nyusi," alisema. "Atapakwa."

Jumamosi ya harusi kulikucha na manyunyu. Hewa ilikuwa nzito, na hata nguo zangu kwenye kamba zilikataa kukauka. Sellah alichelewa kwa sababu shangazi zake kutoka Malava walichelewa, na alipoingia saluni gari lililokuja kumchukua lilikuwa tayari linapiga honi nje. Nilisimama mlangoni. Sikuweza kushona.

"Mama, paka mara moja tu, paka nene twende," Sellah alisema.

"Kaa."

"Wataniacha."

"Harusi haiendi bila wewe. Kaa, mwanangu."

Akapaka tabaka ya kwanza, nyembamba kama pumzi kwenye kioo. Honi ikalia. Akakifunga kichupa, akaanza kumuuliza Sellah habari za nyumbani kana kwamba tuna siku nzima. Akapaka ya pili. Shangazi mmoja akaingia kuteta, akatolewa nje kwa neno moja la Kiwanga, lugha ya kwao Shamsia, ambalo sitaliandika. Shamsia akabonyeza kidole gumba chake, kikabaki na alama. Akakipaka, akangoja, akabonyeza, alama tena. Kisha maji, kisha mafuta, tone kwa tone. Akaukausha mkono wa Sellah kwa kuugusagusa na kitambaa laini, na akambusu kwenye paji la uso.

"Nenda," alisema. "Mpe mkono vizuri. Usimpe kifundo."

Tulifuata kwa miguu, mimi na yeye, chini ya mwavuli mmoja. Shamsia alibaki kwenye ua wa kanisa, nje. Mimi nilisogea mpaka karibu na mlango, maana gauni lilikuwa langu na nilitaka kuona.

Mama George alikuwa amesimama pale, mweupe kutoka kichwani hadi miguuni. Sellah akampa mkono. Mama George hakuutikisa tu. Aliishika mikono yote miwili ya yule msichana, akaibana, akapitisha vidole vyake juu ya zile kucha moja baada ya nyingine huku akiuliza habari za safari. Kisha akaiachia, akageuza viganja vyake akavitazama, akatazama pindo zake. Vyote vilikuwa safi. Akampisha Sellah apite, akamfuata ndani.

Nilirudi uani kumwambia Shamsia. Aliketi chini kwenye nyasi mbichi, na nguo zake nzuri.

Ibada ilipokwisha watu walitoka wakiimba. Mama George aliuacha ule wimbo, akaja moja kwa moja uani tulipokuwa. Shamsia alisimama haraka. Mama George akanyoosha mkono, wa kwanza tangu siku ile ya michirizi, na Shamsia kwa mazoea akakunja vidole na kutoa kifundo.

"Samahani, Mama George. Kidole changu bado kibichi. Hiki ndicho napimianga, ili cha mteja kisiguswe."

Mama George alikitazama kile kidole gumba, kinene, kimejaa alama juu ya alama. Akakisukuma kifundo pembeni, akachukua mikono yote miwili ya Shamsia, akaitikisa kama tunavyotikisa sisi, akauliza habari za nyumbani, za Mumias, za wazee, za mvua ya huko. Alipoiachia, kwenye pindo langu jipya kulikuwa na mstari mwekundu.

Shamsia akashika mdomo. "Gauni, mama."

Mama George aliuona mstari, akaushusha mkono wake pamoja nao.

"Fundi yuko hapa," alisema. "Yeye anashonanga tu."

Nilingoja aniletee gauni lile nibadilishe pindo. Hakulileta. Alilivaa hivyo hivyo kanisani Jumapili hata Jumapili, mpaka likachakaa, na mwanamke akimuuliza ule wekundu ameutoa wapi, alimwelekeza barazani kwetu.